Kiti cha Tatu: shajara ya msimu wa kwanza kwenye makasia

Lengo

Kuingia timu ya makasia ya wasichana ya shule bila kujua lolote, na kuumaliza msimu nikiwa nimekaa ndani ya mashua ya wanane siku ya mashindano, si ukingoni nikishikilia chupa za maji za wenzangu. Nimeliandika hapa ili baadaye nisijidanganye kwamba nilitaka tu kupunga upepo.

Nimechagua makasia kwa hesabu zaidi kuliko mapenzi. Kwenye riadha, walioanza wakiwa wadogo wamekwisha kuniacha mbali, na kwenye mpira wa wavu nimelijua benchi kuliko wavu. Makasia msichana wa miaka 15 anaweza kuyaanza leo na asiwe amechelewa, kwa sababu wengi wa wenzake nao wanaanza umri huohuo. Masharti ya kujiunga yalikuwa machache: uweze kuogelea ukiwa na nguo mwilini, mzazi asaini, kucha ziwe fupi. La kucha liliwauma baadhi yetu kuliko la kuogelea.

Wiki ya kwanza, nchi kavu

Tulikuja na nguo za kubadilisha tukidhani tutalowa. Tulilowa kweli, ila kwa jasho. Mwanagenzi haguswi na maji mpaka ajue mpangilio wa pigo kwenye ergometa, ile mashine yenye kiti kinachoteleza juu ya reli na mpini uliofungwa kwenye mnyororo.

Mpangilio wenyewe ni mfupi. Kuvuta: miguu, mgongo, mikono. Kurudi: mikono, mgongo, miguu. Kichwa kinaelewa mara moja, mwili unakataa. Kila mgeni huanza kuvuta kwa mikono, kwa kuwa mikono ndiyo imeshika mpini, na kocha hupita nyuma yetu akisema "Miguu. Miguu. Wewe, miguu." Dada anayekaa kiti cha nane (timu hii watu huitwa kwa namba za viti vyao, zinazohesabiwa kutoka mbele ya mashua, nami nitafanya hivyo humu) aliniambia nikunje vidole tu juu ya mpini, nisiukabe. Mikono yote miwili inanyooka mpaka miguu imalize kazi yake, ndipo inaporuhusiwa kusema kitu.

Pembeni mwa gurudumu kuna wenzo wenye namba 1 hadi 10. Wavulana wanaoutumia ukumbi kabla yetu huuacha kwenye 10, na nimegundua kwamba karibu kila asiyejua hudhani hiyo ni gia ya uanaume. Wenzo huo unaruhusu hewa nyingi au chache kuingia kwenye gurudumu, basi. Hewa ikiwa nyingi, gurudumu linapunguza mwendo upesi na kila pigo linaanza likiwa zito, mgongo wa chini ndio unaolipa. Kocha anatuweka kati ya 3 na 5. Kazi yangu ya kwanza kila nikifika ni kuushusha.

Kilichonivutia zaidi ni namba za kioo. Mashine inaonyesha muda ambao ungetumia kwa mita 500, na nguvu kwa wati, na kati ya hizo mbili kuna hesabu isiyo na huruma: ukitaka mwendo uongezeke kidogo, nguvu inapanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo huo, yaani mwendo mara mwendo mara mwendo. Nilikaa na kikokotoo. Mwendo wa dakika 2:30 kwa mita 500 ni kama wati 104. Wa 2:15 ni wati 142. Wa 2:00 ni wati 203. Yaani kutoka 2:30 kufika 2:00 ni sekunde 30 tu, lakini unatakiwa uwe karibu watu wawili. Tangu siku hiyo nimeacha kuwashangaa wanafunzi wa kidato cha juu wanaofurahia kupunguza sekunde moja.

Kubeba mashua

Hili hakuna aliyenitajia. Kabla ya kupiga kasia hata moja unajifunza kubeba, na kubeba ni somo kamili.

Mashua ya wanane ina urefu unaokaribia mita 18, na kwa kanuni za kimataifa haitakiwi kupungua kilo 96. Gawanya kwa wanane, ni kilo 12 kila mtu, si mzigo wa kutisha. Tatizo ni kwamba mabega hayalingani. Wafupi wanainua mikono na hawagusi kitu, warefu wanabeba na sehemu yao na ya jirani. Ndiyo maana koksi, yule asiyepiga kasia bali anayeshika usukani na kutoa amri, hutupanga upya kabla ya kuinua, mrefu kwa mrefu. Kisha anatoa amri moja moja: mikono mashuani, tayari, inua, mabegani, tembea. Hakuna kuongea isipokuwa yeye. Mtu mmoja akicheka kwenye mlango wa banda, kishikizo cha kasia kinakwaruza mwimo, na mwaka mzima mkwaruzo ule utaitwa kwa jina lako.

Mashua zenyewe ni gamba jembamba la kaboni. Ukiingia unakanyaga sehemu moja tu iliyotengwa, ukiteleza na kutia kisigino pembeni mguu unatokezea chini. Omoni, yaani kwenye ncha ya mbele, kuna mpira mdogo mweupe wa kipenyo cha sentimita 4. Niliudhani pambo. Ni wa kuzuia ncha ya mashua isimtoboe mtu zikigongana, na bila huo huruhusiwi kushindana. Viatu navyo vimefungwa ndani ya mashua, na visigino vyake vimefungwa kamba fupi ili mashua ikipinduka miguu ichomoke yenyewe. Kamba hizo tunazikagua kila mara. Siku moja Sita alikuta ya kwake imekatika na kocha akaahirisha mazoezi ya mashua nzima mpaka ipatikane nyingine. Wengine walinung'unika. Mimi niliona sawa kabisa.

Majini

Nimepewa kiti cha tatu kwa majaribio. Kasia langu liko upande wa kulia wa mashua, lakini mkono wa kushoto kwangu, kwa kuwa tunakaa tukiangalia tezi, yaani nyuma ya mashua, na kwenda tusikokuona. Anayeona mbele ni koksi peke yake. Kasia lina urefu wa karibu mita 3.7, na kwenye kiti hiki mkono wa ndani, yaani wa kushoto, ndio unaouzungusha mpini ili bapa, ile ncha pana ya kasia, lilale au lisimame. Mkono wa nje kazi yake ni kimo: kushusha mpini ili bapa lipande, kuupandisha ili bapa lizame. Ukiichanganya kazi ya mikono hiyo, kifundo cha nje kinavimba kabla ya wiki kwisha.

Kwanza walipiga wanne tu, sisi wengine tukalaza mabapa juu ya maji kuishikilia mashua isilale upande. Upana wake majini haufiki sentimita 60. Mtu akigeuza kichwa kumtazama ndege, wote wanane wanajua.

Tukabadilishana. Pigo langu la kwanza lilichota hewa, la pili likachimba mno, la tatu likafanya sauti nzuri. Ndiyo sauti niliyokuwa naitafuta siku zote zilizofuata.

Kunaswa

Tano alinaswa na kasia leo. Hutokea bapa likizama likiwa limeinama vibaya: maji yanalishika, mashua inaendelea kwenda, na mpini unarudi kwa aliyeushika kwa nguvu ya watu wote wanane. Ulimpiga kifuani akalala chali mapajani mwa Nne, mpini ukapita juu ya kichwa chake. Koksi akapiga kelele, "Acheni!" na mashua ikasimama kana kwamba imefungwa breki. Tano alikuwa mzima, anacheka na kulia kwa pamoja. Walioanza siku nyingi wanasema kila mtu hupitia, na kinachofaa ni kulegeza mikono, kuuacha mpini upite, kisha kuuvuta ndani. Kushindana nao ni kuvunja mbavu bure.

Mikono

Malengelenge yamepasuka. Hakuna anayevaa glavu, maana glavu hunyima vidole habari za mpini. Tunaosha mikono kwa sabuni, tunaosha mipini pia (damu ya mwenzio si ya kushiriki), na tunasubiri sugu.

Kurudi

Hili ndilo jambo ninalotaka kuliandika kwa urefu, maana nadhani ndilo mchezo wenyewe na mengine ni maelezo.

Kwa wiki kadhaa mashua yetu ilikuwa na nguvu lakini haiendi. Kocha alikuwa akitufuata na boti ya injini, akazima injini, akasema tusikilize. Kila tukivuta, mashua ilichupa. Kila tukirudi kujiandaa kwa pigo jingine, ilishtuka na kuzama kidogo tezini, kama sekunde nzima ya mwendo imetupwa.

Akatueleza kwa hesabu. Sisi wanane, tukiwa na wastani wa kilo 60, tuna kilo 480. Mashua ni kilo 96. Sote tumekaa juu ya viti vyenye magurudumu. Kwa hiyo tunapoteleza kuelekea tezini kujiandaa, uzito huo wote unakwenda upande mmoja na mashua nyepesi inasukumwa upande mwingine, yaani mbele. Gamba la mashua linakimbia kwa kasi yake kubwa kuliko zote wakati huo, mabapa yakiwa hewani na hakuna anayevuta. Sikuamini mpaka nilipolala kitandani nikilifikiria na likakubali. Sasa, kilo 480 zikifika mwisho wa reli kwa kishindo, lazima zisimamishwe, na kinachozisimamisha ni vibao vya miguu. Tunaipiga mashua teke kurudi nyuma, sisi wenyewe, baada ya jasho lote lile.

Dawa ni kurudi polepole. Kwa mapigo 20 kwa dakika, kila pigo lina sekunde 3: takriban moja ya kuvuta na mbili za kurudi. Ukisema hivyo inaonekana ni mapumziko. Jaribu. Moyo unagonga, mapafu yanadai, na mwili umekwisha kujifunza tangu utotoni kwamba bidii ni haraka. Kuvuta kwa nguvu zako zote halafu kutulia papo hapo, na kurudi taratibu pamoja na watu saba ambao baadhi yao huwaoni, huo ni ustadi ambao hakuna mashine ya ukumbini inayoupima. Kwenye ergometa unaweza kurudi mbio unavyotaka na kioo hakitakusema, kwa kuwa mashine imesimama sakafuni, haina pa kushtuka.

Nane ana namna yake ya kufundisha. Alisema nifike mwisho wa reli kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Nililiweka hilo kichwani, nikaacha kufikiria sekunde, nikamtazama mgongoni Nne: mabega yake yakianza kuondoka, na yangu yanaondoka. Basi. Haikuchukua muda chini ya sakafu ya mashua ikaanza sauti ambayo sikuwahi kuisikia, mapovu yakipita chini ya gamba kuanzia omo hadi tezi, mfululizo, bila kukatika. Hakuna aliyesema kitu. Koksi alikuwa amefunga kipaza sauti kwenye kichwa chake na hata yeye alinyamaza. Mabapa yalipotoka, vidimbwi vilivyoachwa nyuma vilipangana kwa nafasi, na kidimbwi cha Moja kilikuwa kimekwisha kupita mahali pa kasia la Nane kabla hajaliingiza tena. Kocha hupima mwendo kwa hilo: vidimbwi vikirundikana, mashua haikimbii.

Tukaipoteza mara tu mtu mmoja alipojipongeza. Lakini sasa tunaijua ilivyo.

Mikono mitupu

Zoezi la leo: kupiga kwa mikono peke yake, miguu imenyooka, mgongo hausogei. Linaudhi kwa sababu mashua haiendi popote. Kocha akatuambia kuna daraja la mashindano ya walemavu, PR1, ambalo mpiga makasia hufungwa kiunoni na kifuani kwenye kiti kisichoteleza, anatumia mabega na mikono tu, na tangu 2017 anapiga mita 2000 zilezile za wengine, zamani zilikuwa 1000. Asiya Mohammed wa Kenya alishindana daraja hilo kwenye Paralimpiki ya Tokyo. Mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Kathleen Noble alikuwa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda. Tulilimaliza zoezi kimyakimya, angalau kwa dakika kumi, kisha Saba akaanza tena kulalamika.

Koksi

Watu wa nje hudhani koksi ni abiria anayepiga kelele. Wa kwetu anaendesha usukani mdogo kuliko kiganja changu, na huugusa wakati mabapa yako majini tu, maana ukiugusa tukirudi mashua inayumba. Anajua nani anachelewa kuingiza kasia kwa kuangalia mabapa, na husema namba badala ya jina, ndiyo maana kukosolewa hakuumi sana. Kimataifa koksi asipungue kilo 55, akipungua hubeba mfuko wa mchanga kufidia, na tangu 2017 mashua ya wanawake inaweza kuwa na koksi mwanamume na ya wanaume koksi mwanamke. Wa kwetu amekwisha kuombwa na timu ya wavulana. Amewaambia wajifunze kwanza kubeba mashua bila kuikwaruza.

Saa za maji

Lazima niandike na hili. Ratiba inawapa wavulana asubuhi, maji yakiwa yametulia, na sisi alasiri, upepo ukiwa umeamka. Wageni kumi na moja wakijifunza kulaza bapa kwenye mawimbi ni mateso, na kila bapa linapogonga wimbi mashua inalala upande. Tulipouliza tuliambiwa imekuwa hivyo siku zote.

"Siku zote" ina historia yake kwenye mchezo huu. Wanawake waliingia makasia ya Olimpiki mara ya kwanza Montreal mwaka 1976, na wakapewa mita 1000, nusu ya walizopiga wanaume, eti zaidi ya hapo ni nyingi. Ujerumani Mashariki ikachukua dhahabu ya mashua ya wanane. Mita 2000 kwa wanawake zilifika kwenye Olimpiki ya Seoul, 1988. Elisabeta Lipă wa Romania alizivuka zama zote mbili: dhahabu yake ya kwanza ya 1984 ni ya mita 1000, ya tano ya 2004 ni ya mita 2000. Mwaka uleule wa Montreal, huko Marekani, wasichana 19 wa timu ya Yale wakiongozwa na Chris Ernst waliingia ofisi ya chuo wakavua nguo, miilini wameandikwa Title IX, sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu. Wavulana walikuwa na mabafu kwenye banda la mashua, wao walikaa ndani ya basi wakiwa wamelowa, kwenye baridi, kuwasubiri wamalize kuoga.

Hatukuvua nguo. Nahodha wetu alichora jedwali la ratiba lenye siku za kupokezana, akaambatisha vipimo vya upepo alivyokuwa akiviandika kila siku kwa muda mrefu bila kutuambia, akaliweka mezani kwa kocha mkuu. Sasa tuna baadhi ya asubuhi. Si nusu. Amesema ataendelea kuandika upepo.

Chakula

Kuna msichana aliyeanza kuruka chakula cha jioni ili awe mwepesi, kwa kuwa alisoma mahali kwamba wepesi wana daraja lao. Ni kweli lilikuwepo: kimataifa mwanamke wa uzito mwepesi hatakiwi kuzidi kilo 59, lakini Olimpiki ya Paris 2024 ilikuwa ya mwisho kuwa na daraja hilo. Na sisi wanagenzi wa shule hatulihitaji hata kidogo.

Kocha hakumkaripia. Alitukusanya sote akazungumza waziwazi, jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu wanariadha wanaokula pungufu ya wanachotumia: hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, majeraha hayaponi, na mwendo wenyewe hushuka. Mbavu za mpiga makasia hupata nyufa hata kwa aliyeshiba, itakuwaje kwa mwenye njaa. Akasema hatatupima uzito mbele ya watu, na kwamba hedhi ikikosekana aambiwe yeye au muuguzi wa shule kama tunavyomwambia bega likiuma. Nadhani mazungumzo hayo yametusaidia kuliko wiki nzima ya ergometa. Kwa upande wangu, nimeanza kubeba chakula cha kula kabla ya mazoezi, maana niligundua hasira zangu za alasiri zilikuwa njaa.

Mtihani wa mita 2000

Dakika 8:52. Robo ya kwanza 2:10, ya pili 2:14, ya tatu 2:16, ya mwisho 2:12. Robo ya tatu ndiyo mahali ambapo mtu hujiuliza nani alimtuma. Wa sita katika wanagenzi. Tano, yule aliyenaswa, alitoka 8:21 na akaanguka pembeni mwa mashine huku anatabasamu.

Kupanga viti

Nilidhani matokeo ya ergometa yangepanga mashua, tuseme nane bora waingie na kazi imekwisha. Sivyo. Kocha alitoa mashua mbili za wanne, akazishindanisha sambamba kwa mapigo yaleyale kwa dakika. Kisha zikasogezwa pamoja katikati ya maji, watu wawili wakabadilishana viti, na mbio zikarudiwa. Tuseme mashua ya kwanza ilishinda kwa urefu mmoja wa mashua, na baada ya kubadilishana ikashindwa kwa nusu urefu: basi aliyehama ana thamani ya urefu mmoja na nusu zaidi ya aliyekuja. Hesabu safi, lakini unaifanya ukiwa umekaa mbele ya rafiki yako, na nyote wawili mnajua kinachopimwa ni nini. Kocha hasemi kitu mpaka wote wamalize. Hata nani anabadilishwa hatujui hadi namba itajwe.

Nilibadilishana na Tano. Kwa wati yeye ni mtu mzima na mimi mtoto, na nilipoitwa niliona kabisa nimekwisha. Mashua yangu ilishinda mbio zote mbili, ile niliyotoka ikapoteza mwendo na ile niliyoingia ikapata. Si kwa wingi, lakini zote mbili. Nguvu za Tano zinaonekana kwenye maji, vidimbwi vyake ni vikubwa kuliko vya mtu yeyote. Ila anarudi mbio, na kilo zote za mashua zinarudi naye.

Alinikasirikia siku hiyo na sikumlaumu. Kesho yake alikuja kuniuliza ninatazama wapi nikirudi. Nilimwambia mgongoni mwa aliye mbele yangu, kwenye mshono wa shati katikati ya mabega. Akauliza na ninahesabu? Sihesabu.

Orodha ilipobandikwa nilikuwa kiti cha tatu. Tano yuko kiti cha tano kama jina lake, nafasi ya waliokaa katikati ambapo nguvu zinahitajika zaidi na kuyumbisha mashua ni kugumu zaidi. Kocha ameamua ni rahisi kumfundisha mwenye nguvu kutulia kuliko kinyume chake. Aliyetolewa ni mwingine, na hilo silifurahii, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kufunga viatu.

Mashindano

Mita 1000 kwa wanagenzi, njia sita, sisi njia ya nne. Tezi ilishikwa na mtu aliyelala kifudifudi kwenye jukwaa la kuanzia, mikono yake ikiwa majini hadi kwenye viwiko. Upepo wa ubavuni. Koksi alimwambia Mbili apige mguso mmoja kunyoosha omo, kisha kimya.

Mwanzo tuliufanya kama tulivyofundishwa: mapigo ya kwanza mafupi, robo tatu ya reli, nusu, robo tatu, kisha reli nzima. Kioo cha koksi kilisoma mapigo 38 kwa dakika. Akatushusha hadi 32. Mashua nne zilikuwa mbele yetu, ya njia ya pili ilikuwa inayumba na tukaipita bila kuitazama, nimeambiwa baadaye, maana mimi nilikuwa nauona mshono wa shati la Nne na si kingine.

Karibu na mita 600 mambo yalianza kuharibika. Mashua ya njia ya tano ilitukaribia, tukasikia sauti ya koksi wao, na mara sote tukataka kufika mwisho wa reli haraka. Nilisikia ule mshtuko chini ya viti. Koksi wetu hakusema "nguvu." Alisema, "Kurudi. Wote. Sasa," kwa sauti ya kawaida kabisa. Pigo moja halikukubali, la pili likakubali, la tatu mapovu yakarudi. Tulimalizia kwa 34. Dakika 3:58, nafasi ya nne, njia ya tano wakiwa nyuma yetu kwa nusu mashua.

Wa nne hapati kitu. Timu iliyoshinda ilituacha kwa sekunde 11, na kwenye mita 1000 hizo ni nyingi. Walikuwa wakitumia mapigo machache kuliko sisi kwa dakika, nimeiona kwenye video ya mzazi wa Saba, na nimeirudia zaidi ya ninavyotaka kukiri. Wanafika mwisho wa reli kama hawana haja ya kwenda popote.

Kilichobaki

Mashua imefunguliwa, vyuma vya pembeni vimetolewa na kupangwa kwa namba, reli zimefutwa mafuta meusi. Kocha anataka msimu ujao nijaribu upande wa kushoto ili mgongo usizoee kujipinda upande mmoja, kwa hiyo mikono yangu itabadilishana kazi na nitakuwa mwanagenzi tena kwa muda. Kabla ya hapo kuna mashua ya wawili ya makasia mawili kila mtu, na nimepangwa na Tano. Yeye mbele kuweka mwendo, mimi nyuma yake. Amesema atavaa shati lenye mshono.

Boliti mbili za kiti cha sita hazionekani. Aliyeondoka na spana namba 10 airudishe bandani kabla ya Jumatatu.